Ghorofa ya Nyumbani: Hesabu za Kufanya Kabla ya Kuezua Bati

Karibu kila familia ya mjini ina mtu mmoja anayependa kusimama uani, akaangalia paa la nyumba yao na kusema, "Hapa tukipandisha ghorofa moja tu, tumemaliza." Kwetu Morogoro mtu huyo ni baba. Mwaka jana alistaafu udereva wa kiwandani, akapata mafao yake shilingi milioni 18, na wiki hiyohiyo fundi wa mtaani akamwambia kwa milioni 28 atampandishia vyumba vinne juu, "mpaka bati". Kumi zilizobaki zingetoka benki, nyumba ikiwa dhamana. Vyumba wangepanga wanachuo, maana chuo hakiko mbali na kwetu.

Mimi nasoma ualimu, somo langu la kufundishia ni hisabati, kwa hiyo nikapewa daftari na kuambiwa "hebu tupigie hesabu". Ninayoandika hapa ndiyo niliyojifunza katika kazi hiyo, kwa kumuuliza mhandisi, kuuliza bei madukani na kupima kwa futikamba. Wengi wetu tutaulizwa swali hili nyumbani siku moja, kwa kuwa wewe ndiye "msomi". Usiende mikono mitupu.

Kwa nini tusikae darini tu?

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na wazo la bei rahisi zaidi. Ameona kwenye simu jinsi Waingereza wanavyogeuza nafasi iliyo chini ya paa kuwa chumba cha kulala: wanaweka sakafu, dirisha la kwenye paa na ngazi, basi. Akauliza, kwa nini na sisi tusifanye hivyo?

Jibu liko kwenye trigonometria ya sekondari. Nyumba yetu ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Kutoka ukutani hadi katikati ni mita 4. Paa letu limeinama nyuzi 25 hivi, na tan 25° ni 0.466. Zidisha kwa 4, unapata mita 1.86. Huo ndio urefu wa sehemu ya juu kabisa ya paa, tena kabla hujatoa unene wa mbao. Mtu mrefu hasimami hata katikati, na ukisogea mita moja pembeni unainama kama unaingia banda la kuku. Nyumba nyingi za kule Uingereza zina paa kali zaidi. Kwa upana huohuo, paa la nyuzi 45 lingekupa mita 4.

Kuna mambo mawili mengine. Kenchi zetu zimejaa mbao za kupita mshazari, na kila moja ina kazi yake. Ukikata ili upate njia ya kupita, kenchi inaanza kufunguka na kusukuma kuta nje. Halafu mbao za chini zimewekwa zishike jipsamu na taa, hazikuwekwa kubeba kitanda na watu wawili. Hapo sijagusa joto la bati saa nane mchana. Mdogo wangu alikubali. Kwa hiyo kwetu kupanda juu maana yake ni kuezua paa, kumwaga zege na kujenga upya.

Uzito kwanza, pesa baadaye

Watu wengi wanaanza na swali la "itagharimu shilingi ngapi?" Mhandisi alianza na swali la "itakuwa na uzito gani, na nani ataubeba?"

Sakafu ya zege ya mita 10 kwa 8, unene wa sentimita 15, ina ujazo huu: 10 × 8 × 0.15 = mita za ujazo 12. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa kama tani 2.4. Kwa hiyo sakafu peke yake ni karibu tani 29.

Njoo kwenye tofali. Tofali la saruji la inchi 6 lina kilo 30 hivi. Kuta za juu, za nje na za kugawa vyumba, ni kama mita 60 kwa urefu, kimo mita 3, yaani mita za mraba 180. Toa milango na madirisha, baki na 150. Kila mita ya mraba inakula karibu tofali 10 ukihesabu na zinazovunjika. Tofali 1,500 mara kilo 30 ni tani 45.

Jumla tani 74, bado hujaweka plasta, vitanda, watu na simtanki la lita 1,000 ambalo likijaa ni tani nzima ya maji. Ni sawa na kuchukua tipa saba, kila moja imebeba tani kumi za mchanga, ukamwaga mizigo yote juu ya nyumba ambayo tangu ijengwe imebeba mbao na bati tu.

Nani anabeba? Kwenye nyumba nyingi za kawaida za kwetu hakuna nguzo. Kuta zenyewe ndizo zinabeba paa, na zinasimama juu ya msingi mwembamba. Mhandisi alichimbisha mashimo mawili ya ukaguzi pembeni mwa ukuta, akakuta msingi wetu ni wa mawe, una kina kisichofika mita moja. Kuta ni tofali za inchi 5. Akasema wazi kuwa msingi huu haukuwahi kuulizwa kama utabeba ghorofa. Ili upandishe inabidi uanze na nguzo mpya za zege kutoka chini, kila moja na kitako chake, zipite kando ya kuta za zamani na kubeba sakafu mpya bila kuzitegemea. Inawezekana, lakini kiufundi ni kama unajenga nyumba nyingine iliyoikumbatia ya kwanza.

Zingatia pia upana wa vyumba. Zege au mbao, kadiri unavyoruka nafasi pana bila nguzo ndivyo unavyohitaji unene na nondo zaidi. Wajenzi wa zamani wa Mji Mkongwe, Zanzibar, walilijua hilo. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi kule ni virefu na vyembamba, chini kidogo ya mita 3 kwa upana. Kwa lugha ya leo tungesema walianza na kifaa, kisha wakachora ramani.

Ngazi inakula chumba

Hili hakuna aliyelifikiria nyumbani. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni kama mita 3.06. Ukigawa kwa hatua 18, kila hatua ina kimo cha sentimita 17. Sehemu ya kukanyaga ni sentimita 28. Kuna kanuni ya zamani ya ngazi: zidisha kimo kwa mbili, jumlisha na sehemu ya kukanyaga, upate kati ya sentimita 60 na 64. Hapa 34 + 28 = 62, safi, mtu anapanda bila kuhema.

Sasa ichore sakafuni. Ngazi ya kukunja mara moja, yenye upana wa mita moja kila upande, inataka kama mita 2.1 kwa 3.3. Hizo ni karibu mita za mraba 7. Kwetu hicho ni chumba cha wadogo zangu, chote. Unaweza kuipeleka nje uani, lakini hapo inakula sehemu ya kufulia na kuanikia. Vyovyote vile, ukiambiwa "vyumba vinne vinaongezeka", uliza na kinachopungua.

Kibali

Mtaani kibali cha ujenzi kinasemwa kama karatasi ya kusumbuana na watu wa halmashauri. Ukweli ni kwamba kuongeza ghorofa ni ujenzi mpya machoni pa halmashauri, na kibali cha nyumba ya chini hakikufuati juu. Utahitaji uthibitisho wa umiliki wa kiwanja, michoro ya usanifu na michoro ya mhandisi inayoonyesha misingi, nguzo na nondo. Wataalamu hao wana bodi zao: Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mtu akikwambia ni mhandisi, muombe namba ya usajili. Si matusi.

Tusisahau kwa nini utaratibu huo upo. Machi 29, 2013 jengo refu lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa la Kariakoo lilianguka asubuhi watu wakiwa kwenye biashara zao, na zaidi ya 20 wakafariki. Hayo ni majengo makubwa, nyumba yetu ni ndogo. Ila zege halijui kama wewe ni tajiri wa Kariakoo au dereva mstaafu.

Bei ya fundi na bei ya nyumba

Fundi wetu hakudanganya. Alisema milioni 28 "mpaka bati", na neno lenye kazi hapo ni hilo "mpaka". Alitaja boma lililoezekwa. Mimi nikaketi na kuandika kila kitu ambacho hakimo, kwa bei nilizokusanya mtaani kwetu. Zako zitakuwa tofauti, lakini mafungu ni yaleyale:

– Bei ya fundi, boma hadi bati: milioni 28
– Michoro, mhandisi na kibali: milioni 2
– Ngazi na vishikio vyake: milioni 1.5
– Karo kubwa zaidi na mabomba ya maji taka: milioni 2.5
– Umeme na maji ya juu: milioni 2.5
– Plasta, madirisha, milango, sakafu na rangi: milioni 8
– Sisi kupanga kwingine miezi mitano, kwa laki mbili kwa mwezi: milioni 1

Jumla milioni 45.5. Weka asilimia 10 ya dharura, kwa sababu saruji hupanda bei na mvua haikupigii simu. Unafika milioni 50. Na hizo nguzo mpya za mhandisi hazikuwa kwenye hesabu ya fundi hata kidogo.

Angalia fungu la mwisho kabla ya dharura. Bati likiezuliwa, familia inalala wapi? Zege likishamwagwa linamwagiliwa angalau siku saba, na nguvu yake iliyokusudiwa inapimwa siku ya 28. Mirunda iliyoshika sakafu inabaki chini yake wiki kadhaa, ikiwa imejaa sebuleni na vyumbani kama msitu. Huwezi kuishi humo.

Ushauri wangu kwa anayepiga hesabu: usikubali namba moja kubwa. Ichambue. Kwa sakafu yetu ya mita za ujazo 12, kwa mchanganyo wa 1:2:4, utahitaji kama mifuko 80 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 5 na nusu na kokoto karibu 11. Nondo za milimita 12 zitakuwa kama 100. Ukiwa na idadi hizo unaweza kwenda dukani mwenyewe kuuliza bei, na mifuko ikishushwa saiti unajua ya kuhesabu. Fundi mzuri hakasiriki ukiwa na daftari. Wetu alicheka akasema, "Mwalimu, leo umekuja kusahihisha." Tukahesabu naye nondo moja moja kwenye mchoro.

Mkopo, kodi na likizo ndefu

Hapa ndipo pananihusu mimi na wewe, maana wapangaji waliotarajiwa ni watu kama sisi.

Chukua mkopo wa milioni 10 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, miaka mitano, unalipa kila mwezi. Ukipiga kwa kanuni ya marejesho sawa, kila mwezi ni kama shilingi 243,000, na mwisho wa safari umelipa milioni 14.6. Kwa hiyo milioni 10 zimekugharimu milioni 4.6.

Baba alikuwa na hesabu yake: vyumba vinne kwa 60,000 ni 240,000 kwa mwezi, "mkopo unajilipa wenyewe". Karibu kabisa! Ila tuliishi wapi sisi wanachuo Agosti? Nyumbani. Boom likikata na chuo kikifungwa, geto linarudishwa kwa mwenyewe, au funguo zinaondoka na kodi hailipwi. Mwenye nyumba aliye karibu na chuo anapata kodi miezi tisa kwa mwaka, si kumi na miwili. Tisa mara 240,000 ni milioni 2.16. Marejesho ya mwaka ni zaidi ya milioni 2.9. Kuna pengo la kama shilingi 750,000 kila mwaka, na wa kuliziba ni mama na genge lake la nyanya.

Na hiyo ni hesabu nzuri. Kwa milioni 28 tunaishia kwenye boma, na hakuna anayepanga chumba kisicho na dirisha wala umeme. Marejesho ya benki hayasubiri plasta. Yanaanza mwezi unaofuata.

Halafu nikagawa jumla yote: milioni 50 kwa milioni 2.16 ni miaka 23. Baba ana miaka 60. Sikusema kitu, nilimsogezea daftari tu. Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu, akauliza, "Hii 23 ni miezi?"

Sahihi ya mama

Jambo la mwisho ni la sheria, na wanafunzi wengi hawalijui. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani na mtu mmoja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Sheria ya Ardhi nayo inadai ridhaa hiyo kwenye rehani. Benki inayojua kazi yake itamwita mama mezani.

Mama yetu alikuwa amekaa kimya siku zote hizo. Fomu ilipoletwa akasema, "Mimi sikatai ghorofa. Ila sahihi yangu haitoki mpaka nijue paa likiezuliwa tunalala wapi, na mkopo ukitushinda tunahamia wapi." Baba alikasirika kidogo, akasema watu wa nyumba hii hawapendi maendeleo. Zilipita siku tatu za kusalimiana kwa mkato. Lakini maswali yale mawili ndiyo maswali yenyewe. Kila mpango wa kujenga unapaswa kuyajibu kwa maandishi kabla ya mtu yeyote kusaini.

Tulipofikia

Mhandisi alitupa njia ya kati: kujenga vyumba viwili uani, kila kimoja na choo chake, kwa nguzo na msingi uliopigwa hesabu ya kubeba ghorofa moja siku za mbele. Makadirio, pamoja na dharura, ni milioni 12. Tukipangisha kwa 80,000 kila kimoja, miezi tisa, ni milioni 1.44 kwa mwaka, hela inarudi kwa miaka minane na kidogo. Hakuna mkopo, hatuhami, na milioni 6 zinabaki kwa ada ya mdogo wangu na uzee wa wazazi. Baba bado anasema ni vyumba vya kuku. Lakini anaenda saiti kila asubuhi, na tulipofunga lenta mwezi uliopita alinipigia simu kunisomea idadi ya mifuko iliyobaki.

Sisemi kila mtu aache ghorofa. Nyumba yenye nguzo na msingi mzuri, familia isiyo na haraka na pesa isiyo ya mkopo, inaweza kupanda vizuri kabisa. Kama nyumbani kwenu mazungumzo haya yameanza, anza na maswali haya, kwa mpangilio huu:

1. Msingi na kuta vimekaguliwa na mhandisi aliyesajiliwa, kwa kuchimba, si kwa kutazama?
2. Ngazi inakaa wapi, na inaondoa nini?
3. Bei tuliyopewa inaishia wapi, na nini hakimo?
4. Tutalala wapi wakati wa ujenzi, na kwa pesa gani?
5. Kodi imehesabiwa kwa miezi mingapi?
6. Kama ni mkopo, wazazi wote wawili wameelewa nini kinawekwa dhamana?

Ukipata majibu matano kati ya sita, bado usiezue bati. La sita litafute kwanza.